Bibi wa Saa Mbili Usiku

Ilipokaribia saa mbili usiku, Bibi alikuwa ameshajipanga kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, shali mabegani, rimoti mkononi kama mwenye nyumba aliyeshika funguo zake. Hapo hakuna aliyethubutu kukatiza mbele ya runinga.

"Kadogo, kaa chini. Na wewe mwanangu, hiyo mota unayoigonga huko uani iache, haina roho, haitakufa. Mimi sisemi kitu. Lakini mtu akinikosesha mwanzo, leo tutaonana wabaya."

Muziki ukalia, likaja lile jumba lenye ngazi mbili, na yule mjane tajiri wa nchi ya mbali, lulu shingoni, akashuka polepole kuwakagua wakwe zake waliojipanga chini. Akafungua mdomo. Kikatoka Kiswahili cha sebule hiyo hiyo.

"Mimi sisemi kitu. Nimekaa zangu kimya. Ila wewe, kwa kiatu hicho, unakwenda kazini au unakwenda kugonga misumari?"

Bibi alipiga paja. "Mmemsikia? Mmemsikia huyo mwanamke? Sasa huyo ndiye mtu! Angekuwa jirani yangu tungeshinda pamoja."

Mke wa mwanawe alisimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi, akitazama sakafu kama aliyeangusha sindano. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya kutengeneza mafriji, alikohoa kikohozi kisichokuwa na mafua ndani yake.

Maana sauti ile ya mjane ilitoka kooni mwa huyo mwanamke aliyesimama mlangoni. Ilitoka kooni mwake, lakini haikuwa yake. Ilikuwa ya Bibi, kuanzia mkoromo wa kusafisha koo mpaka ile tabia ya kusema kwamba hasemi. Na katika nyumba ile ni Bibi peke yake aliyekuwa hajui.

Kazini walimwita Kasuku. Kazi yenyewe ilikuwa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Unasimama kwenye chumba kidogo kilichopigwa sponji kuta zote, hedifoni masikioni, maikrofoni puani, picha mbele yako, na unamtia mtu wa mbali maneno mdomoni kabla hajaufumba. Kwa miaka alikuwa akipewa makombo: nesi anayesema daktari anakuja, abiria anayeuliza njia, mpishi anayeita watu mezani. Nyumbani walijua yuko "studio," na Bibi, aliyeamini kwamba studio ni pahali pa kupigia picha za pasipoti, hakuwahi kuuliza zaidi.

Siku alipojaribiwa kwa nafasi ya mjane, mwongozaji wa sauti, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alimkatisha kila alipofungua mdomo.

"Unasoma. Huyu mama anatawala nyumba nzima, wewe unanisomea kama tangazo la benki."

Mfasiri, aliyeandika maneno yenyewe, alijikuna shingo. Kwenye karatasi palikuwa na "Sipendezwi na viatu vyako." Kasuku akavuta pumzi, akamfikiria mtu anayetawala nyumba bila kuinuka kwenye kochi, na kabla hajajizuia, mdomo ulikuwa umeshaondoka naye. Upande wa pili wa kioo fundi sauti aliinamia mitambo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mwongozaji hakucheka.

"Huyo," alisema. "Huyo huyo. Usimwache aondoke."

Kasuku hakumwacha. Muda si mrefu, madukani na shuleni, watu walikuwa hawaanzi kusema kabla hawajasema kwamba wao hawasemi kitu.

*

"Utamwambia lini?" Fundi aliuliza jikoni, akijipangusa grisi vidoleni.

"Nitamwambia."

"Hiyo 'nitamwambia' naijua, imeshaota ndevu. Unajua mimi kazi yangu ni kuingia majumbani mwa watu. Mama ananifuata kila dirisha. Jana mwenye duka kamkemea mteja kwa sauti ya mama yangu, nikajikuta nimesimama wima na bisibisi mkononi."

Kasuku alicheka, kisha akaacha. "Anampenda yule mjane, baba Kadogo. Ni rafiki yake. Nikimwambia kwamba anajipenda mwenyewe, atampenda tena?"

"Ndiyo maana nataka aambiwe na wewe. Asije akaambiwa na mtu."

Alisema kweli, na Kasuku alijua. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata Fundi hakulijua.

Mwaka ule Bibi alipofiwa na mumewe na kuhamia kwao, mchana mmoja walikuwa wawili uani wakikunja mashuka, huyu ameshika pembe hizi na yule pembe zile. Katikati ya kukunja Bibi akasimama. "Unajua kinachonishinda ni nini?" alisema. "Kitanda. Kimekuwa kipana. Nalala pembeni kule kule kwangu, na mkono ukienda upande wa pili, hauishi kwenda." Kisha akaleta pembe zake, wakakutana, wakamaliza shuka, wakachukua jingine. Hakulisema tena.

Wiki chache nyuma, studio, ilikuja picha ya mjane akiwa peke yake chumbani. Hakuna wakwe wa kukemea wala ngazi za kushuka. Mwanamke tu na mto, na mkono wake juu ya mto. Kwenye karatasi palikuwa na "Upweke unanitesa tangu mume wangu alipofariki." Kasuku alitazama ule mkono. Akasema, "Kitanda kimekuwa kipana. Mkono ukienda upande wa pili, hauishi kwenda." Midomo ya mjane ikayapokea maneno kama iliyoyazoea.

Fundi sauti alivua hedifoni. Mwongozaji akasema, "Haturudii." Mfasiri alitoka nje kumshika mkono.

"Umeyatoa wapi maneno hayo?"

"Yamekuja tu," alijibu Kasuku.

Siku hiyo hiyo mwongozaji alimwita pembeni na kumwambia kwamba tamthilia ijayo atakuwa msaidizi wake, awe anawaongoza wenziwe. Kasuku alirudi nyumbani na furaha, lakini furaha yenyewe ilikuwa kama kiatu kipya: kila akitembea kilimbana mahali.

*

Siku ambayo kipande kile cha kitandani kilikuwa kionyeshwe, asubuhi yake Kasuku alimpeleka Bibi kliniki kupima presha. Benchi lilikuwa refu na watu wamekaa wakisogea tako kwa tako kuelekea mlangoni. Walipokaribia kuingia, akatokea kijana mwenye kofia, akapita moja kwa moja mpaka mbele.

Bibi akasafisha koo. "Mimi sisemi kitu," alianza, kwa sauti ya kumfikia aliyekaa mwisho wa benchi. "Nimekaa zangu kimya. Ila wewe mwanangu, hapo mbele umeota mwenyewe au umepandwa?"

Benchi zima likageuka. Mtu mmoja akapasuka kicheko, wa pili akamdaka, na mara ukumbi wote ukawa unacheka. Mama mmoja aliyepakata mtoto alipiga makofi. "Jamani Bibi! Umempatia kabisa!"

"Nimempatia nani?"

"Si yule wa saa mbili usiku! Hebu sema tena nikurekodi, nimtumie dada yangu." Na simu ikaja mbele ya uso wa Bibi.

"Mimi simwigi mtu," alisema Bibi.

Wakacheka zaidi, maana hata hilo alilisema kama yule yule. Nesi alichungulia mlangoni, naye akitabasamu. "Bibi wewe ni hodari. Tungekutafutia kazi huko runingani."

Bibi aliwatazama mmoja mmoja, wale watu waliokuwa wakimfurahia kwa kumfananisha na mtu mwingine. Miaka sabini na kitu alikuwa akizungumza hivyo, na leo anaambiwa anaigiza. Kisha akageuza shingo akamtazama mke wa mwanawe. Mtu asiyejua kitu angecheka na wenziwe, au angemtetea. Kasuku hakufanya lolote. Alikuwa akivitazama viatu vyake.

Presha ilipopimwa ilikuwa juu. "Una wasiwasi wowote, Bibi?" nesi aliuliza. Bibi alishusha mkono wa gauni, akafunga kifungo. Njia nzima ya kurudi hakulalamikia jua, wala mashimo, wala bei ya kitu chochote, na hapo Kasuku aliogopa kweli.

Saa mbili ilipofika Bibi alikaa pahali pake. Safari hii alifumba macho. Kasuku alikuwa jikoni, maji ya bomba yakimwagika kwenye sufuria iliyokwisha kujaa, akijisikia mwenyewe akimkemea mkwe wa kwanza, akamkemea wa pili. Kisha muziki ukapungua. Chumba cha mjane. Kitanda kimekuwa kipana, ilisema sauti. Mkono ukienda upande wa pili.

Runinga ikazimwa.

"Bibi, bado haijaisha!" Kadogo alilalamika.

"Imekwisha," alisema Bibi. Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu kama anayefunga mlango wa mgonjwa.

*

Nyumba ile haikuwa imezoea kimya. Asubuhi Kasuku alibisha hodi. "Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka."

Basi. Chai ilikuwa nyepesi, hakusema. Jirani alipiga redio juu mchana kutwa, hakusema. Fundi alikanyaga sebuleni na viatu vyenye mafuta, akasimama akingoja kugombezwa, akangoja, mwishowe akavivua mwenyewe na kwenda kutafuta kitambaa.

Kadogo alimvuta mama yake nguo. "Mama, Bibi kaharibika?"

"Hapana, mwanangu. Amechoka."

"Baba hawezi kumtengeneza?"

Ilibidi Kasuku amweleze mumewe yote, mpaka la mashuka. Alimweleza wakiwa uani, katikati ya mafriji yaliyofunguliwa milango. Fundi alikaa juu ya debe. Alikuwa mtu mpole, mtu wa kutia mzaha pale palipouma, lakini safari hii alikaa tu akiuzungusha waya kidoleni.

"La kitanda hajawahi kuniambia mimi," alisema mwishowe. "Mimi mwanawe. Kila nikimwuliza unalalaje, ananiambia nalala kama gogo. Kakwambia wewe. Na mimi nimelisikia kwenye runinga, pamoja na mwenye duka."

"Nisamehe."

"Siyo mimi wa kuombwa." Akanyanyuka. "Amenituma nimpigie simu dada. Anataka aje kuchukuliwa, akakae huko. Jumamosi."

Kasuku alishika mlango wa friji bovu. Ulikuwa wazi, ndani hamna kitu, hamna hata baridi.

Kazini, siku iliyofuata, mwongozaji alimkabidhi karatasi mpya bila maneno mengi. Kasuku akasoma. Mjane alikuwa anakufa. Kitandani, wakwe wote watatu wamemzunguka, moyo umechoka.

Aliingia kwenye chumba cha sponji, akavaa hedifoni, picha ikaanza. Akafungua mdomo ikatoka sauti ya mtu anayesoma. Wakarudia. Ikatoka ile ile. Mwongozaji alibonyeza kitufe akasema naye kupitia kioo.

"Yule mama yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," alisema Kasuku. "Anapanga nguo zake kwenye begi."

Walimtoa nje, fundi sauti akamletea maji, naye akawasimulia yote. Mfasiri aliinamisha kichwa. Mwongozaji alikaa akizungusha pete kwenye kidole ambacho pete ilikuwa imeshalegea.

"Mimi niliolewa nikaachika," alisema. "Mama mkwe wangu hata jina langu hakuwahi kulitamka sawasawa. Sina la kukufundisha. Naweza kumwita mwingine aje amalizie. Lakini nikimleta mwingine, watu watajua, na hiyo nafasi ya usaidizi wenye studio watauliza kwa nini nampa mtu aliyeniachia kazi mlangoni. Nakungoja mpaka Jumamosi asubuhi. Zaidi ya hapo sina uwezo."

*

Ijumaa jioni Kasuku aliingia chumbani kwa Bibi bila kubeba chai wala chochote cha kujifichia. Begi lilikuwa kitandani, mdomo wazi. Bibi alikuwa anakunja gauni. Kasuku akapiga magoti.

"Mama, nimekukosea."

"Inuka. Hilo goti lenyewe unalilalamikia kila siku."

"Sitaki kuinuka."

"Basi kaa chini vizuri, usinitazame kutoka huko kama unayetafuta kitu uvunguni."

Kasuku akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Bibi alimaliza gauni, akaliweka, akalitoa, akalikunja upya.

"Kuchekwa si kitu," alisema. "Marehemu alinicheka tangu tukiwa vijana, mpaka usingizini. Hiyo sauti yenyewe, ungeniambia siku ya kwanza, ningenuna. Siku ya pili ningetaka mtaa mzima ujue. Lakini la kitanda sikuwapa watu. Nilikupa wewe."

"Najua, mama."

"Ulijua, ukalitoa."

"Waliniandikia 'upweke unanitesa.' Nikamtazama yule mwanamke, mkono wake uko juu ya mto. Nikaona nikisema hivyo namdanganya mtu aliyefiwa. Nilitafuta maneno mengine ya kweli, sikuwa nayo. Nilikuwa na hayo tu." Akaivuta miguu yake karibu. "Nilipaswa kuja kukuomba. Niliogopa utakataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo, mama."

Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda. Nje mota ya Fundi iliunguruma kidogo, ikazima. "Na yule mwanamke mwenyewe, kwa lugha yake, alisema nini?"

"Sijui. Lugha yake siijui, naisikia sauti tu."

"Sauti inasemaje?"

"Inasema kama ulivyosema wewe."

Bibi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za ndugu yake wa mbali. Kasuku akaona asipolisema sasa hatalisema tena.

"Anakufa, mama. Kipande cha mwisho ni kesho asubuhi, na wanataka afe kwa sauti yako. Siwezi bila ruhusa yako. Ukisema nisifanye, nitakwenda kuwaambia hapana, na kazi iende."

Bibi alilaza kiganja juu ya begi. Kisha Bibi akauliza, "Anakufa na nini?"

"Moyo."

"Nilijua tu. Ngazi zile alikuwa anazipanda kwa hasira." Akavuta begi, akalifunga zipu. "Mpigieni wifi yako, mwambieni asije asubuhi, aje mchana. Nataka kuona ninavyokufa."

*

Alivaa gauni lake la kutokea na viatu vya kufunga. Studio walikuwa wamepata habari. Fundi sauti alimpisha kiti chake mwenyewe, kile chenye magurudumu, na mfasiri akaja na chai kwenye kikombe kisichokuwa na ufa. Mwongozaji alimpokea kwa mikono miwili, ameinama, kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiinama.

Bibi alitazama chumba cha kurekodia kupitia kioo. "Magodoro yote haya mmeyabandika ukutani," alisema, "na huko nje watu hawana pa kulala." Fundi sauti aliuma mdomo. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka.

Wakamvisha hedifoni asikie sauti ya asili. Mjane yule, kwa kinywa chake mwenyewe, alikuwa na sauti nyembamba, ya kukaribia kukatika. Bibi alisikiliza, kiganja kwenye shavu.

"Kumbe ana kisauti chembamba hivi! Maskini. Na mimi nilivyokuwa namdhania."

Kasuku akaingia ndani, mlango mzito ukafungwa nyuma yake. Picha ikaanza. Kitanda kikubwa, mapazia, wakwe watatu. Alianza vizuri, kisha akainua macho akamwona Bibi nyuma ya kioo, mdogo kwenye kiti kile kikubwa, na akaanza kulia. Wakasimamisha. Mara ya pili aliamua asiangalie kioo. Alikimbia na maneno yote akayamaliza mjane akiwa bado anahema.

"Hiki kitufe ni cha nini?" Bibi aliuliza.

"Ukikibonyeza, anakusikia," alisema fundi sauti.

Bibi alikibonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama kengele ya mlango. "Wewe."

Kasuku alishtuka. "Ndiyo, mama."

"Unanikimbiza wapi? Mara ya kwanza umenililia kabla sijafa, mara ya pili unanisukuma kama niliyechelewa gari. Kulia ni kazi ya hao wanaobaki, waachie wenyewe. Mimi ninayekwenda nina shughuli zangu. Niache nife taratibu."

Mfasiri alilazimika kugeukia ukutani. Mwongozaji alicheka, akacheka kwa sauti, akajifuta macho na karatasi ya kipande chenyewe. Ndani ya chumba cha sponji Kasuku naye alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, ameshika stendi ya maikrofoni asidondoke.

Walipoanza tena, hakukimbia. Alimwacha mjane akemee kidogo, kwa mazoea, akamwacha achoke katikati ya kukemea. Maneno ya mwisho yalikuwa mafupi, kwa mkwe mdogo kuliko wote: "Nisogezee mto." Mjane akalazwa vizuri. Mdomo ukafumba, na Kasuku akabaki amebana pumzi muda wote picha ilipokuwa ikiondoka pale kitandani na kwenda dirishani.

Hakuna aliyesema "imetosha." Bibi alikuwa ameweka kiganja kifuani mwake, kama anayehakikisha.

"Nimekufa vizuri," alisema. "Nilidhani nitasumbua watu zaidi."

*

Fundi alikuwa ameahidi kuja kuwachukua na pikapu aliyoazima, akimaliza kuchukua friji ya mteja. Walikaa kumngoja kwenye benchi la saruji nje ya geti la studio, mikoba mapajani. Magari yalipita. Mwanamke mmoja akasimama mbele yao kufunga kamba za viatu vya mwanawe, akaendelea na safari yake.

"Wifi atakuwa amefika nyumbani," alisema Kasuku, kwa woga.

"Afike, anywe maji, apumzike. Nitakwenda kwake, si nimeshamwambia? Nitakaa kama mgeni anavyokaa, nirudi kabla hajanichoka." Bibi alivua kiatu kimoja, akakikung'uta, akakivaa. "Unanitazama nini?"

"Hapana, mama. Sawa, mama."

"Ndiyo hiyo."

"Ipi, mama?"

"Hiyo sauti. 'Ndiyo mama, sawa mama.' Tangu uolewe kwetu unanipa kisauti hicho cha adabu, kama mtu anayebeba mayai. Leo nimekaa kule ndani nikawaza, huyu mtoto amempa sauti kila mtu. Mimi kanisikia mpaka pumzi. Je, ya kwake ikoje? Sijawahi kuisikia." Akamgeukia. "Hebu zungumza nami. Kwa ya kwako."

Kasuku alicheka, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kazi yake ilikuwa kungoja mtu mwingine afungue mdomo kwanza. Alitazama barabara. Ilipotoka, sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko walivyotarajia wote wawili, na ya kukwaruza.

"Mwaka jana nilikuwa na mimba," alisema. "Ikatoka. Tulikuambia nina homa."

Bibi hakushtuka, wala hakusema alijua, wala hakusema hakujua. "Endelea."

"Ulikuwa bado una msiba wako. Nikamwambia mwanao tusikuongezee. Nikalala kidogo, nikarudi kazini wiki ile ile. Kulikuwa na tamthilia nyingine ina mazishi, wakahitaji watu wa kulia, nikaitwa." Akaufungua mkoba, akaufunga. "Nililia, mama. Mwongozaji akasema imetosha, mimi nikashindwa kunyamaza. Wakadhani ni ufundi. Wakanipigia makofi."

Bibi aliuchukua mkoba wa Kasuku pale mapajani, akauweka upande wake wa pili pamoja na wa kwake, ili pasiwe na kitu kati yao. Akasogea mpaka bega likaegemea bega.

"Alikuwa wa kiume au wa kike?"

"Hawakuniambia. Mimi nilikuwa namwita wa kike."

"Ulimpa jina?"

Kasuku alitikisa kichwa kukubali. Kabla hajalitamka, pikapu ilitokea kwenye kona, friji imefungwa kamba nyuma, Fundi ametoa kiwiko dirishani. Akasimama mbele ya geti, akapiga honi, akawaonyesha kiti. Nyuma yake gari jingine lilianza kupiga honi likitaka njia.

Bibi aliinua kiganja bila hata kumtazama mwanawe.

"Ngoja huko huko," alisema. "Tunazungumza."